Dereva ambaye kampuni za bima zinamkwepa

Barua nne kati ya zilizofika mezani mwezi huu zinazungumzia jambo moja, ingawa wenyewe wako mbalimbali: mwenye gari au dereva ambaye kampuni ya bima inamwona ni mzigo, ama kwa sababu ya ajali zake, ama kwa sababu ya kazi anayoifanya na gari, ama kwa sababu ya umri. Nimeona niziweke pamoja. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa kuwa yaliyomo yanawahusu wengi.

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mkazi wa Kimara, Dar es Salaam. Nina Toyota IST niliyoikatia bima kubwa kwa thamani ya shilingi milioni 14. Ndani ya miezi kumi na minne nimepeleka madai matatu. La kwanza lilikuwa taa na kona ya bampa, matengenezo ya shilingi 310,000. La pili niliigonga daladala kwa nyuma pale Ubungo. La tatu niliparamia kalavati usiku wa mvua. Bima yangu inaisha mwisho wa mwezi ujao. Kampuni yangu ilikuwa ikinitoza asilimia 3.5 ya thamani, na ekses, yaani sehemu ya hasara ninayoibeba mwenyewe, ilikuwa 250,000. Sasa inataka asilimia 6 na ekses ya 700,000. Kampuni ya pili imenikataa kabisa. Jirani yangu ambaye ni wakala anasema jambo hili ni jepesi: nihamie kampuni ya tatu, na pale fomu inapouliza kama nimewahi kudai fidia, nijaze "hapana". Je, kampuni ina haki ya kunikataa? Na ushauri wa jirani una madhara gani?

JIBU: Marahaba mwanangu. Nianze na ushauri wa jirani, kwa sababu unaweza kukugharimu kuliko ajali zote tatu.

Fomu ya maombi ya bima, ambayo wengi wetu huijaza tukiwa tumeegemea boneti ya gari huku wakala akitazama saa, ina swali kuhusu ajali na madai ya miaka iliyopita. Chini yake, karibu kabisa na mahali pa sahihi, pana tamko kwamba yote yaliyoandikwa ni kweli na ndiyo msingi wa mkataba. Mkataba wa bima unataka mwombaji aseme bila kuulizwa mara mbili kila jambo linaloweza kubadili uamuzi wa kampuni, iwe ni kumkubali, kumkataa au kumpangia ada. Madai matatu ndani ya miezi kumi na minne ni jambo la aina hiyo bila ubishi wowote. Ukiyaficha, kampuni inaweza kuutengua mkataba, na haitafanya hivyo siku unapolipa ada. Siku hiyo utapokelewa vizuri na kupewa stika yako. Uchunguzi huanza siku unapodai.

Kabla ya kustaafu nilikaa miaka kadhaa kwenye dawati la madai. Namkumbuka mteja mmoja aliyeleta pikapu iliyopinduka, dai la shilingi milioni tisa, fomu yake ikiwa safi kama karatasi ya mtihani ambao haujaanza. Mkadiriaji hasara alipiga magoti mbele ya gari na kukwangua rangi ya bampa kwa ukucha, akakuta rangi nyingine chini yake. Kisha akaona boliti mbili mpya kwenye fremu ya zamani. Aliuliza gereji gani ilifanya kazi ile, akaenda, akaonyeshwa ankara ya mwaka uliotangulia iliyolipwa na kampuni nyingine ya bima. Dai likafa pale pale. Mteja alilalamika kwamba fomu ilijazwa na wakala, na huenda alisema kweli, lakini sahihi ilikuwa yake.

Sasa nije kwenye haki ya kukukataa. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha mwenye gari kuwa na kinga kwa ajili ya watu wengine atakaowaumiza barabarani, yaani ile tunayoiita bima ndogo au bima ya mtu wa tatu. Bima kubwa, ambayo inalipia na gari lako mwenyewe, ni makubaliano ya hiari kati yako na kampuni, na kampuni inaweza kuyakataa au kuyapandisha bei. Una haki ya kuomba sababu kwa maandishi, na ukiona umeonewa unaweza kulalamika kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, au kwa Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini sitakupa tumaini la bure: kupandishiwa ada baada ya madai matatu si dhuluma, na sidhani malalamiko hayo yatafika mbali.

Ukichukua kalamu utaona mahali pa kujadiliana. Kwa asilimia 3.5 ya milioni 14 ulikuwa ukilipa 490,000, na kwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18 inafika 578,200. Kwa asilimia 6 ni 840,000, na pamoja na kodi ni 991,200. Ongezeko ni 413,000. Jambo la kwanza la kuuliza ni kama hiyo milioni 14 bado ni thamani ya gari lako. IST iliyozeeka kwa mwaka mwingine na kupigwa mara tatu huenda sokoni haifiki milioni 11.5, na gari likiharibika kabisa kampuni itakulipa bei ya soko ya siku hiyo, si namba iliyoandikwa kwenye hati. Kwa milioni 11.5, asilimia hiyo hiyo 6 pamoja na kodi inakuwa 814,200. Hata hivyo, usishushe thamani chini ya ukweli ili kupunguza ada, kwa sababu hapo kampuni itapunguza na fidia kwa uwiano huo huo. Mlete mthamini, upate karatasi.

Jambo la pili ni ekses, ile sehemu ya hasara unayoibeba mwenyewe kabla kampuni haijatoa hata senti. Wateja wengi huikasirikia, na mimi naona ndiyo silaha yako. Kampuni imekupandishia ada na ekses kwa pamoja. Waambie utakubali ekses ya 700,000 endapo watashusha asilimia. Mteja anayekubali kubeba hasara ndogo mwenyewe anaiondolea kampuni usumbufu wa makaratasi ya bampa na taa, na maofisa wa bima wanalijua hilo. Ongeza na mambo yanayopunguza hatari kwa kweli: kifaa cha kufuatilia gari, kamera ya mbele, na kutaja kwa majina madereva watakaoruhusiwa kulishika gari hilo.

Nitazame tena lile dai lako la kwanza. Matengenezo yalikuwa 310,000 na ekses ilikuwa 250,000, kwa hiyo kampuni ilikulipa 60,000. Kwa shilingi elfu sitini umejiandikia dai zima kwenye rekodi, na hilo ni moja kati ya matatu yanayokusumbua leo. Ajali ndogo ya namna hiyo, isiyomhusu mtu mwingine, ni heri kuitengeneza kwa fedha yako. Lakini ikiwa kuna mtu mwingine aliyeumia au gari lake kuharibika, toa taarifa polisi na kwa kampuni hata kama mmeelewana barabarani. Mtu aliyekusamehe Jumatatu anaweza kuja na wakili Ijumaa.

Kampuni ikikataa kushuka, muone dalali wa bima aliyesajiliwa. Yeye hutafuta kampuni kwa niaba yako, tofauti na wakala anayeiuzia kampuni bidhaa zake. Muulize pia kuhusu kinga ya katikati, inayolipia mtu wa tatu pamoja na moto na wizi wa gari lako, ambayo ni nafuu kuliko bima kubwa. Na ikiwa gari halidaiwi na benki, hesabu pia uwezekano wa kukata bima ndogo kwa mwaka mmoja, ambayo kwa gari binafsi ni 118,000 pamoja na kodi, na kuiweka tofauti iliyobaki akiba ya kalavati nyingine. Ningekuwa wewe, mwenye makalavati kwenye njia ya nyumbani, ningebaki na bima kubwa yenye ekses nzito.

Usisubiri mwisho wa mwezi ujao. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 haina huruma ya siku za nyongeza: pasipo ada, hapana kinga. Ukishalipa, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa TIRA-MIS uone kama stika yako imesajiliwa na ni ya aina gani, kwa maana wapo waliolipa bima kubwa mfukoni mwa mtu na kusajiliwa bima ndogo.

SWALI: Shikamoo. Naandika kutoka Likoni, Mombasa. Gari ni la dada yangu aliyeko Muscat, mimi ndiye nilitumiaye, na bima yake ni ya matumizi binafsi. Tangu mwaka huu nimejiunga na teksi za simu na nabeba abiria usiku. Juzi nimegongana na bodaboda, aliyeipanda ameumia mguu, na nilikuwa na abiria. Kampuni imeniita kuandika maelezo. Rafiki zangu wanasema niseme abiria yule ni binamu yangu. Dada hajui lolote.

JIBU: Marahaba. Mjulishe dada leo hii, kabla ya kuandika neno lolote kwa kampuni. Jina lililo kwenye kitabu cha gari ni lake, na aliyeumia akishtaki, mwenye gari huunganishwa katika kesi pamoja na dereva, awe yuko Likoni au ng'ambo.

Kuhusu binamu: safari ile imehifadhiwa na programu kwa saa, njia na nauli, na abiria wako ana risiti yake kwenye simu. Mpelelezi wa kampuni hahitaji zaidi ya hapo. Usimfundishe mtu kusema uongo katika jambo ambalo polisi wanaweza kuliuliza tena mahakamani. Andika ukweli, kwa ufupi, na kabla hujaukabidhi umwonyeshe wakili.

Kosa lilianza pale aina ya matumizi ya gari ilipobadilika bila kampuni kuambiwa. Gari binafsi na gari la kubeba abiria kwa malipo ni hatari za viwango viwili tofauti, kwa saa za barabarani, kwa usiku, kwa wageni wanaopanda na kushuka. Kampuni inaweza kukataa kulitengeneza gari lenu. Kwa upande wa aliyeumia, sheria ya Kenya, Sura ya 405, inamlinda kwa kiasi kikubwa, kwa maana kampuni hulazimika kulipa hukumu za watu wa tatu. Hata hivyo sheria hiyo inairuhusu kwenda mahakamani, kabla ya kesi ya majeruhi kufunguliwa au ndani ya miezi mitatu tangu ifunguliwe, na kuomba itamkwe kwamba ilifichwa jambo la msingi na hivyo haifungwi na mkataba. Ikishinda, deni lote ni lenu. Hata isipoenda mahakamani, bima ya lazima haidaiwi kuvuka shilingi milioni 3 za Kenya kwa dai moja, na kinachozidi humwangukia mwenye gari.

Ukitaka kuendelea na kazi hiyo, ikatie gari bima ya abiria. Ni ghali zaidi, na kampuni zinazoipokea si nyingi, ila baadhi huiuza kwa mwezi badala ya mwaka, na hilo humsaidia dereva anayepata fedha kwa siku. Hakikisha pia leseni na vibali vyako vya kubeba abiria vimekamilika, kwa sababu swali hilo ndilo linalofuata baada ya bima.

SWALI: Mzee, salaam kutoka Mwanza. Binti yangu ana miaka 19 na amepata leseni mwezi uliopita. Naomba kujua kama bima yangu kubwa inamhusu akiendesha gari langu, au hadi nimkatie ya kwake.

JIBU: Hongera kwa binti. Hapa kwetu bima hulifuata gari na matumizi yake zaidi ya kumfuata dereva, kwa hiyo kwa kawaida huhitaji kumkatia hati nyingine. Lakini fungua hati yako utafute maneno mawili: "dereva aliyeruhusiwa" na "dereva kijana" au "dereva mgeni". Hati nyingi huweka ekses ya nyongeza kwa dereva mwenye umri mdogo au aliyekaa na leseni muda mfupi, na umri huo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni. Iandikie kampuni kwamba binti ataendesha, uombe wakujibu kwa maandishi, na uhifadhi jibu lao pamoja na hati. Wakisema ekses itakuwa mara mbili akiwa yeye kwenye usukani, si jambo la kukasirikia. Ni jambo la kujua kabla hajapeleka gari Nyegezi peke yake.

SWALI: Jambo mhariri. Mimi ni mzaliwa wa Bukavu, niko Houston, Texas, na nimeendesha magari tangu nikiwa kijana kwetu. Saa za kazi zilipopunguzwa nikashindwa kulipa bima, na nimekamatwa mara mbili bila bima. Sasa leseni imesimamishwa na barua inasema nilete "SR-22". Kampuni niliyoipigia imenitajia bei karibu mara tatu ya ile ya zamani. Nyingine zinakata simu. Gari lenyewe nimeshaliuza. Nifanye nini?

JIBU: Pole sana ndugu yangu. Kwenu huko bei ya bima hutazama sana rekodi ya dereva, na kila kosa lake limeandikwa.

SR-22 si bima. Ni fomu ambayo kampuni ya bima huituma kwa serikali ya jimbo kuthibitisha kwamba umekatiwa bima inayotosha kisheria. Huko Texas kiwango cha chini ni dola 30,000 kwa majeruhi mmoja, 60,000 kwa majeruhi wote wa ajali moja, na 25,000 kwa mali ya watu. Kwa kuituma, kampuni hutoza kiasi kidogo tu. Bei inayokutisha ni ya bima yenyewe, kwa kuwa sasa umewekwa katika kundi la madereva wa hatari. Na miaka yako ya kuendesha Bukavu, kwa bahati mbaya, kampuni nyingi za huko hazihesabu. Kwao umri wako barabarani ulianza siku ulipopata leseni ya Texas.

Kwa kuwa gari umeliuza, uliza kwanza bima ya dereva asiye na gari. Hukulinda unapoendesha gari la kuazima, inakubalika kwa SR-22, na mara nyingi ni nafuu kuliko ya mwenye gari. Inataka tu usiwe na gari lako, wala usiwe unatumia kila siku la mtu unayeishi naye. Ukinunua gari, waarifu siku hiyo hiyo.

Utakapohitaji bima ya gari tena na ukakataliwa na kampuni mbili, weka barua au majina yao, kisha mwombe wakala mwenye leseni akuombee kwa TAIPA, mpango wa jimbo la Texas ulioanzishwa kwa ajili ya watu waliokataliwa. Utapata kinga ya msingi ya kisheria. Gari lako mwenyewe halimo. Usiifanye kimbilio la kwanza, kwani kuna kampuni zinazoishi kwa kuwauzia madereva wa kundi lako, na bei zao hupishana sana kwa mtu yule yule. Piga simu tano au sita, kwa maelezo yale yale, uandike kila jibu.

Omba pia nakala ya ripoti iitwayo CLUE, inayotunzwa na LexisNexis. Humo huandikwa madai ya bima ya hadi miaka 7, na una haki ya nakala moja ya bure kila mwaka. Nimeona watu wa kwetu wakibebeshwa ajali za wengine kwa sababu majina matatu yaliandikwa kwa mpangilio tofauti kwenye leseni na kwenye bima. Ukikuta kosa, lipinge kwa maandishi.

Ukishapata bima, malipo yasichelewe hata siku moja. Mkataba ukikatika, kampuni huipelekea serikali fomu nyingine, SR-26, na leseni husimamishwa upya. Iunganishe na akaunti inayopokea mshahara, siku mbili baada ya siku ya mshahara. Muda wa SR-22 kwa kosa lako ni miaka 2 tangu tarehe ya hukumu, si tangu siku uliyokata bima, kwa hiyo tazama karatasi ya mahakama na uiandike tarehe hiyo mahali unapoiona. Itakapopita, thibitisha na ofisi ya leseni kwamba muda umekwisha, kisha ipigie kampuni wakuondolee fomu hiyo na kukupangia bei upya, maana wao hawatakupigia.